Usiku wa rangi ya machungwa

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi na watoto watatu kwenye nyumba ya trela hapa Bowling Green, Kentucky. Juzi jioni ramani ya hali ya hewa ilitupaka rangi ya machungwa, yaani uwezekano wa tornado (upepo mkali unaozunguka kama faneli) asilimia 10. Jirani akasema 10 ni kidogo, tena huu ni Novemba, nilale tu. Nilikesha sebuleni, na hakikutokea kitu. Je, nilihofu bure?
Mama wa watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukuhofu bure. Kinachonisumbua mimi ni kwamba ulikesha ndani ya trela, nyumba nyepesi isiyohimili upepo huo.

Hiyo asilimia 10 si ya Kentucky nzima. Wataalamu wa Norman, Oklahoma, wanaochora ramani hizo, wanamaanisha uwezekano wa tornado kutokea ndani ya maili 25 kutoka ulipo. Siku ya kawaida hata asilimia 1 haifiki. Machungwa ni ngazi ya tatu kati ya tano.

Jirani yako yuko sahihi kwamba tornado nyingi hutokea majira ya kuchipua. Lakini majani yanapopukutika, pepo za juu hupata nguvu tena, na Ghuba ya Mexico bado ina joto la kutuletea unyevu. Upepo wa chini ukitoka kusini, wa juu ukivuma kwa kasi kutoka magharibi, wingu la radi huanza kujizungusha. Julai, jua likizama, radi nyingi hufifia. Novemba nguvu iko kwenye upepo, na upepo haujali kama jua limezama.

Ndiyo maana saa 12 jioni mimi hutoka nje kwanza. Kama shati linanata mwilini, upepo ni wa kusini, na kiwango cha umande (dew point, kipimo cha unyevu hewani) kwenye simu ni 60 za Fahrenheit au zaidi, najua usiku huo bado una kazi. Upepo ukigeukia magharibi na baridi ikaanza kuuma masikio, mpaka wa hewa baridi umeshapita. Hapo nalala.

Novemba 6, 2005, nilikuwa nakaa Evansville, Indiana. Tornado ilipita saa 8 usiku, watu wamelala. Walikufa zaidi ya 20, wengi wao kwenye eneo moja la trela. Asubuhi niliona godoro la mtoto juu ya mti, shuka bado limechomekwa vizuri pembeni. Mpaka leo nikitandika kitanda cha mjukuu nalikumbuka.

Kwa hiyo uamuzi wako ufanye mapema. Simu ikiandika Watch, hilo ni angalizo: hali imeiva, na kwa kawaida una saa kadhaa. Ikiandika Warning, rada imeshaona mzunguko au mtu ameiona tornado kwa macho, na umebakiwa na dakika. Mwenye nyumba ya matofali yenye chumba cha chini ya ardhi anaweza kungoja Warning. Wewe ondoka kwenye Watch, kabla mvua haijafika, uende kwa ndugu au rafiki mliyekubaliana tangu mchana. Kama hana chumba cha chini, kaeni bafuni au kwenye korido ya katikati, mbali na madirisha.

Simu isizimwe sauti. Nunua na redio ndogo ya hali ya hewa ya betri, ile inayolia yenyewe usiku. Watoto wavae viatu kabla ya kutoka, maana baadaye chini hujaa misumari na vioo. Na huyo jirani, ukiondoka, mgongee mlango.