Barua kwa mwanangu: pigo na liume

Mwanangu mpenzi,

Swali lako nimelipata, na nimeona nisilijibu kwa simu. Unasema wanamieleka wa leo wana miili iliyojengeka, wanaruka juu ya kamba na kujipindua hewani, na kwa usiku mmoja wanafanya mambo ambayo wale niliokuwa nikiwashabikia mimi wasingeyathubutu. Sasa mama, unauliza, kinachokusikitisha ni nini hasa, na ungepewa nafasi ungerudisha kitu gani?

Ningerudisha maumivu. Sizungumzii damu wala mifupa kuvunjika. Nataka mtu akipigwa, pigo lile limkae mwilini, na wiki ijayo nilione bado linamsumbua.

Chukua pigo liitwalo DDT. Miaka ya 1980, mwanamieleka Jake Roberts akishamkaba mtu kichwa kwapani, ukumbi mzima ulikuwa unainuka, kwa sababu kila mtu alijua kinachofuata: anajiangusha naye, kichwa cha mwenzake kinagonga ulingo, mabega yanabanwa chini, refa anahesabu tatu, kwisha habari. Leo DDT hiyohiyo inapigwa pambano likiwa bado changa, na aliyepigwa anainuka kama aliyejikwaa tu. Mapigo ya kumalizia nayo yamefuata njia hiyo. Kwenye mapambano makubwa mtu anapigwa la kwanza, la pili, la tatu, na kila mara ananyanyua bega refa akiwa kwenye mbili. La kwanza linakushtua. Kufikia la tatu unasubiri tu waishe nguvu.

Hata goti. Dakika kumi nzima mtu anavunjwavunjwa goti, analishika, anachechemea, uso umemkunjamana. Dakika ya kumi na moja huyo yuko juu ya nguzo ya kona, anaruka. Basi zile dakika kumi nilikuwa natazama nini?

Nikupe mfano wa jinsi ilivyopaswa kuwa. Mwishoni mwa 1986 Randy Savage alimuumiza Ricky Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni, ile inayogongwa pambano linapoanza. Steamboat akatoweka, na hadithi ikasema koo limepondeka, hata kusema hawezi. Hakurudi wiki iliyofuata akiwa anacheka. Aliporudi, watu walikuwa wameshamsubiri, na kila aliposimama mbele ya Savage macho yao yalikuwa kwenye koo lile. Tarehe 29 Machi 1987, kwenye WrestleMania III, lile onyesho kubwa la mieleka la kila mwaka, pale Pontiac, Michigan, wakapambana chini kidogo ya dakika 15. Savage hakusahau koo, alilitafuta tena na tena. Mambo yalipomchachia akaifuata kengele ileile, akapanda nayo kwenye kamba. George Steele, aliyekuwa upande wa Steamboat, akamsukuma akaanguka. Sekunde chache baadaye Steamboat akamkunja kwa mkunjo mdogo, mabega chini, moja, mbili, tatu. Mkunjo tu, mwanangu! Wala hakuhitaji kumrusha mtu mezani. Uzito wote ulikuwa umeshawekwa na kengele miezi minne kabla.

Usiniambie kwamba yote yalipangwa. Nalijua hilo, na Savage alikuwa maarufu kwa kupanga kila hatua ya pambano lile kabla ya kuingia ulingoni. Mpango haukuliharibu. Alipanga mambo yanayofuatana, jambo la mwanzo likizaa la mwisho. Siku hizi mara nyingi napata miruko iliyopangwa vizuri sana, lakini ukiuchanganya mpangilio wake hakuna kinachobadilika.

Jambo la pili ni adui. Adui wa zamani alikubali kuchukiwa. Bobby Heenan, alipokuwa meneja, alifanya kazi yake kwa moyo mmoja: watu watamani apigwe yeye na mtu wake. Leo adui anaingia ukumbini na mashabiki wanaimba muziki wake, fulana yake wamevaa, na yeye mwenyewe anafurahia. Akishinda kwa hila wanampigia makofi kwa ujanja wake. Steringi naye ampiganie nani, ikiwa hakuna aliyeumizwa na yule adui?

Na mtu akibadilika, abadilike kwa sababu tunayoiona. Machi 1997, kule WrestleMania 13, Steve Austin aliingia akiwa mbaya na Bret Hart akiwa mwema. Mwishoni Austin alikuwa kabanwa miguu katika Sharpshooter, damu inamtiririka usoni, na hakusalimu amri mpaka akazimia. Hart akaendelea kumpiga mtu aliyekwisha. Austin akatoka akichechemea, amekataa kusaidiwa, na ukumbi ulikuwa wake. Walibadilishana nafasi ndani ya pambano moja, na hakuna aliyehitaji kutueleza.

Maikrofoni pia waachiwe wenyewe. Maneno ya Austin 3:16, dhihaka ya Yohana 3:16 ya kwenye Biblia, yaliyomfanya awe Austin tunayemjua, aliyasema Juni 1996 papo kwa papo, akimjibu Jake Roberts baada ya kumpiga kwenye pambano. Mtu anayekariri maneno aliyoandikiwa na waandishi unamjua kwa macho tu.

Lakini sitaki zamani yote irudi. Kupigana viti kichwani kubaki kumepigwa marufuku, kumeharibu ubongo wa watu. Na wanawake wasirudishwe kule walikokuwa: Februari 2015 pambano lao kwenye Raw, kipindi cha mieleka cha kila wiki kwenye televisheni, lilipewa nusu dakika hivi. Miaka minne baadaye Becky Lynch, Ronda Rousey na Charlotte Flair walipewa pambano la mwisho la WrestleMania, wanawake kwa mara ya kwanza katika historia yake. Katika hilo leo imeishinda zamani, tena mbali sana.

Na wakitaka wanaweza. Unamkumbuka Sami Zayn alivyojipenyeza kwenye kundi la bingwa Roman Reigns na ndugu zake? Miezi mingi alivumilia, akitafuta tu kukubalika na ile familia. Januari 2023, San Antonio, Reigns akamkabidhi kiti ampige Kevin Owens, rafiki yake wa miaka na miaka, aliyekuwa kafungwa pingu kwenye kamba. Sami akasimama na kile kiti, anamtazama huyu, anamtazama yule. Kisha akampiga nacho Reigns mgongoni. Pigo moja, na ukumbi ukalipuka. Mwezi uliofuata akashindwa na Reigns nyumbani kwao Montreal, na watu walihuzunika kwelikweli, kwa sababu safari hii kushindwa kulikuwa na maana.

Itafute uitazame tena, kisha uniandikie: katika miruko yote ya mwaka ule, ni upi unaoukumbuka kama unavyokikumbuka kile kiti?

Mama yako