Amonaiti zinazotoa unga kwenye rafu

Pole dada. Umeuliza kwa nini zile amonaiti (visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya wanyama wa kale wa baharini wenye gamba la kujiviringisha) ulizookota ufukweni Charmouth, Uingereza, zinatoa unga mweupe kwenye rafu ya sebuleni. Hilo si vumbi. Visukuku vingi vya pale ni vya pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Vikipata unyevunyevu wa hewani huoza na kutoa asidi, ndiyo maana unasikia harufu ya kiberiti. Mimi kimoja kilinivunjikia mkononi, na kikaratasi chake cha maelezo kilikuwa kimeliwa kama kimeunguzwa.

Kilichoanza kuoza kitenge mbali na wenzake. Usikioshe! Sugua taratibu kwa mswaki mkavu. Vilivyo vizima viweke kwenye kontena la plastiki angavu lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kipima unyevu cha bei rahisi. Lenga unyevu wa chini ya asilimia 50. Utaendelea kuviona, ila si kwa madaha ya rafu wazi.

Kabati la mwaloni achana nalo. Mbao zake hutoa mvuke wa asidi unaodhuru magamba ya chokaa. Kabati la kioo na chuma ni salama zaidi. Andika kwa penseli mahali na tarehe ya kila kimoja.

Na ukija likizo Kenya, usibebe kisukuku kurudi nacho. Kukitoa nchini bila kibali ni kosa.