Maswali ya Wasomaji: "Nour El Ain" kwenye kinanda cha taarab

SWALI: Assalaam alaykum. Kikundi chetu ni kinanda, fidla na dumbak. Bibi harusi ametaka tumpigie "Nour El Ain" ya Amr Diab. Nyimbo za zamani za Kimisri twazimudu, lakini hii kila tukiipiga inatoka imepinda. Kosa liko wapi?
Msomaji, Mkunazini, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Mikono yenu haina kosa, tazameni kinanda. Taarab yetu asili yake Cairo, tangu Sayyid Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim kujifunza ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na wapigaji wengi huacha kinanda kimetegwa kwa maqam za huko, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Katika maqam ya Rasti inayoanzia Do, sauti za Mi na Si zimeshushwa robo toni, yaani senti 50 kwenye kipimo cha sauti cha kinanda. Katika maqam ya Bayati inayoanzia Re, sauti ya Mi ndiyo iliyoshushwa. Sasa "Nour El Ain" imejengwa juu ya gitaa la Kihispania, na vyuma vya shingoni mwa gitaa havitoi robo toni. Mkiacha Mi imeshuka, itagombana na kila sauti iliyo jirani yake.

Rudisheni sauti zote 12 kwenye sifuri, pasiwe na iliyoshushwa, kabla ya mazoezi. Mkipandisha au kushusha ufunguo kumfuata mwimbaji, kagueni tena: vinanda vingine huhama na zile robo, vingine huziacha palepale. Fidla nayo ina mazoea yake. Kidole kilichokulia kwenye Bayati hutelemka chenyewe, kwa hiyo mpiga fidla afanye mazoezi na kinanda peke yao, polepole, hadi sikio likubali. Dumbak ipunguze madoido, makofi yasikike. Wimbo huu ukijazwa mapambo ya taarab unakuwa mzito na wachezaji wanakaa chini.

SWALI: Huyu Amr Diab ni mwimbaji au mwigizaji?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Mwimbaji, kwa maoni yetu, aliyepita kwenye sinema. Alizaliwa Port Said tarehe 11 Oktoba 1961, akatoa albamu ya kwanza, "Ya Tareeq", mwaka 1983. Sinema zake zinazokumbukwa ni za mwanzoni mwa miaka ya 1990: "Ice Cream fi Gleem" ya 1992, na ya 1993 aliyocheza na Omar Sharif. Jina lake kuvuka mipaka ya Waarabu ni kazi ya "Nour El Ain", albamu ya 1996. Tungo ndefu za enzi za Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, zilihitaji saa nzima na watu waliotulia vitini. Yeye alifupisha, akaleta gitaa na akodioni, na asiyejua Kiarabu akaweza kuitikia "habibi".

Sifa si zake peke yake. Muziki wa wimbo huo ni wa Nasser El Mezdawy wa Libya, maneno ya Ahmed Sheta, mpangilio wa Hamid El Shaeri. Mshereheshaji akiutangaza harusini, awataje na hao.