“Mwanangu ameacha insulini na sukari iko sawa”: nifute hii posti au niiache?

SWALI: Habari za kazi nesi. Mi ni mama wa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza, ile ya kuchoma insulini kila siku, mwezi uliopita nimepewa uadmini wa grupu letu la WhatsApp la wazazi. Tuko kama mia tatu, humo humo kuna watu wazima wachache wa aina ya pili. Juzi mama mmoja kaposti kwamba mwanawe ana wiki tatu hajachoma insulini, anatumia unga wa mitishamba, na kaweka picha za mashine ya kupimia sukari: 6.1, 7.4, 5.8. Watu zaidi ya arobaini wameomba namba ya mtaalamu aliyempa huo unga. Maadmini wenzangu wanasema tusifute, sio tangazo, ni ushuhuda wake, tuandike tu kwenye maelezo ya grupu kwamba “humu hatutoi ushauri wa daktari”. Nifanyeje? Na kuna seting gani ya kuzuia wauza dawa wasiingie?
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Futa, Mama Wawili. Alafu mpigie huyo mama, simu ya sauti sio meseji, na usimtoe kwenye grupu hata kama wenzako wakikasirika. Ukimtoa ataenda na mtoto wake kusikojulikana, na siku mambo yakiharibika hatakuwa na mtu wa kumuuliza saa nane usiku.

Ila hilo la “ni ushuhuda sio ushauri” ndo limenifanya nikujibu leo wakati nina maswali mengine ya wiki nzima yananisubiri. Nimelisikia kwenye kila grupu nililowahi kuingizwa. Muuza dawa anayekuja na picha ya chupa na bei hanipi shida, kila mtu anamjua, anatolewa kabla chai haijapoa. Anayetuumiza ni mzazi mkweli. Huyo mama hadanganyi, zile namba za mashine ni za kweli, na ndo maana watu arobaini wamemuamini.

Sasa ni kweli kwa nini? Kuna kitu wataalamu wanakiita fungate (ndiyo, fungate ile ile ya maharusi, na inaisha vile vile). Mtoto akigundulika leo kongosho lake halijafa lote, zimebaki chembe chache zinazotengeneza insulini ila zimelemewa na ile sukari iliyopanda. Ukianza kumchoma, sukari ikashuka, zile zilizobaki zinapata kupumua na zinaanza kazi tena kidogo kidogo, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa unaona mtoto aliyekuwa anachoma uniti nyingi sasa anahitaji kidogo sana, wengine karibu hawahitaji kabisa, na mzazi anaanza kujiuliza hivi kweli alikuwa na kisukari huyu. Inadumu miezi, kwa wachache inafika mwaka na zaidi. Kinga ya mwili nayo haijalala, inaendelea kuzila zile chembe mpaka ziishe.

Na lini mzazi anatafuta mganga? Hapo hapo, miezi ile ya mwanzo, bado analia, bado hajakubali, ndugu wanampigia kila mmoja na lake. Anaanza unga wakati fungate imeanza. Ungekuwa unga wa muhogo angepata 5.8 vile vile.

Na mtu asije hapa kusema manesi wanachukia mitishamba. Metformini yenyewe, ile wanayomeza watu wa aina ya pili, ilianzia kwenye utafiti wa mmea wa Ulaya. Lakini insulini ni protini, ukiinywa tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage, ndo maana tunachoma. Na mitishamba ilikuwepo dunia nzima kabla ya Januari 1922, pale Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 kule Toronto, alipochomwa insulini kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo watoto wa namna hii walikuwa wanakufa, na mizizi ipo na majani yapo.

Haya, rudi kwenye grupu lako. Mtoto wa ushuhuda ana fungate. Anayesoma ule ushuhuda ni mama mwingine, mwanawe ameshaishi na ugonjwa miaka minne, kongosho halina kitu. Yeye akiacha hatuongelei miezi, tunaongelea siku. Mtoto anakunywa maji na kukojoa bila kupumzika, tumbo linamuuma, anatapika, anahema haraka na kwa kina kama aliyetoka kukimbia, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, analegea. Mama anasema ni malaria. Kituo cha kwanza nao wanaweza kusema malaria, au nimonia kwa sababu ya ile pumzi, kama hakuna aliyekumbuka kupima sukari. Akifika kwetu mashine haitoi hata namba, inaandika HI, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kupima.

Niliwahi kumpokea binti wa darasa la nne wa hivyo hivyo. Mama yake alinionesha simu, ushuhuda umefowadiwa kutoka grupu moja kwenda jingine mpaka ukamfikia. Nikamtafuta mwenye ushuhuda. Unajua aliniambia nini? Mwanawe alisharudi kwenye sindano miezi miwili nyuma, aliona aibu kurudi kuandika. Binti yule tulimpata, alitoka wodini anatembea, lakini ule ujumbe naamini mpaka leo bado unazunguka.

Kwa hiyo hayo maandishi ya “hatutoi ushauri wa daktari” hayamkingi mtoto yeyote, yanamkinga admini roho yake tu. Tena meseji ikishafowadiwa maelezo ya grupu lako hayaendi nayo. Futa kwa wote, alafu andika wewe mwenyewe, bila jina la mtu na bila kejeli, kwamba kuna ujumbe umeondolewa, kwamba mwanzoni mahitaji ya insulini hushuka yenyewe kisha hurudi, na kwamba wa aina ya kwanza haachi insulini hata siku moja. Ifanye ndo ujumbe wa kubandika juu.

Hao wa aina ya pili wape grupu lao, kwa upendo. Mzee atakayesema alipunguza uzito mpaka kliniki ikamtoa kwenye vidonge anaweza kuwa anasema kweli tupu, kwa aina ya pili inatokea. Kwa mtoto wako ni sumu. Wote wanaandika neno moja, kisukari, na saa tano usiku hakuna anayesoma kujua ni kipi.

Tena kuna ushauri unaniogopesha kuliko hata huo unga, nao unatoka kwa wazazi wazoefu: “hajala, anatapika, leo usimchome”. Mtoto akiumwa mwili unahitaji insulini, mara nyingi hata zaidi ya siku za kawaida. Kipimo kinaweza kubadilishwa, hiyo ni kazi ya kliniki, lakini kuacha kabisa hapana. Na yale ya “yuko 18 nimpe uniti ngapi?”, yaani sukari imepanda sana, yasijibiwe na wanachama kwa namba, watoto wawili wa umri mmoja hawafanani, uzito, aina ya insulini, muda aliochoma mwisho, hata bomba la sindano la uniti 40 kwa mililita na la 100 si kitu kimoja. Admini anapiga simu, anauliza kama anatapika au anahema vibaya, na kama ndiyo basi ni hospitali usiku huo huo. Muwe maadmini watatu angalau na mmoja awe wa usiku, wewe peke yako utachoka na mtoto wako mwenyewe utamsahau kumpima.

Seting. Washa ile ya admini kuidhinisha wanaoingia, na linki isibandikwe Facebook. Kila mpya muulize mtoto anatumia insulini gani, anachoma saa ngapi. Mzazi wa kweli anakujibu kabla hujaweka simu chini, ya asubuhi hivi, ya jioni hivi, na malalamiko ya bei ya stripu za kupimia juu yake. Muuza dawa anaandika “ya kawaida”. Ila usijidanganye, wajanja wanaingia wanakaa kimya wiki mbili wanachukua namba kisha wanaenda inboksi kwa mmoja mmoja, na hilo hakuna seting ya kulizuia kwa sababu kwenye grupu namba zenu zinaonekana na wote. Waambie wanachama wakitumiwa hivyo wakuletee skrinshoti. Na kadi za kliniki zenye jina la mtoto zisipostiwe, taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, wewe admini usije ukawa wa kwanza kuulizwa.

Tuliokuwa watu wazima 2011 tunaikumbuka Samunge kule Loliondo, kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu kwa shilingi 500, foleni za magari kilomita kwa kilomita, na kisukari kilikuwemo kwenye yaliyosemwa yanapona. Angalau kule ilibidi mtu apande gari siku mbili tatu, njiani akapata muda wa kufikiri. Sasa hivi kikombe kinakuja kwenye simu ya mama aliyelala na mtoto pembeni, kimeletwa na mtu anayemuamini, na bando la mia tano linatosha.

Huyo mama mpigie leo. Usianze na unga, ukianza na unga atakata. Muulize mtoto aligundulika tarehe ngapi, na amsogeze kliniki kesho asubuhi akiwa na hiyo mashine yake. Kama ameshaanza kutapika, usingoje kesho.