Pembe za ng'ombe na unga wa salfa: barua kwa mwanangu aliye Ufaransa

Newala, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unasema mwezi ujao wenzako wa chuo watakupeleka kuwatembelea wakulima wa mizabibu upande wa Savennières, kando ya mto Loire. Wengine wanazika pembe za ng'ombe na kufuata mwezi, wengine wanasema hawatii chochote kwenye mvinyo wao. Ukaniuliza: "Mama, wewe umekuwa bibi shamba maisha yako yote. Nikifika kwa mtu, nitajuaje kama anasema kweli?"

Swali zuri, na limenikosesha usingizi kidogo.

Anza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hao wa pembe, kazi yao iko shambani. Kilimo chao kinaitwa bayodinamiki, na kilitokana na mihadhara minane aliyoitoa Rudolf Steiner mwezi Juni 1924 huko Koberwitz, mahali ambapo leo ni Poland. Pembe ya ng'ombe jike hujazwa samadi mbichi, huzikwa kabla ya baridi kuingia, hufukuliwa miti inapochipua. Kiasi kidogo sana cha ile samadi hukorogwa kwenye maji kwa saa nzima, upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati, kisha upande wa pili, halafu hunyunyizwa ardhini. Mvinyo wa asili ni habari ya ghalani, kwenye mapipa: zabibu zichachuke kwa hamira zilizokuja nazo zenyewe kutoka shambani, na mtu ajizuie kuongeza vitu. Unaweza kumkuta mtu ana moja na hana la pili. Kwa hiyo akikuambia "mimi ni wa asili", muulize anazungumzia shamba au pipa.

Kuhusu pembe, nakupa maoni yangu kama mtaalamu wa kilimo: samadi kidogo vile haiwezi kulisha hekta nzima kama mbolea, na hilo silibadilishi. Lakini mtu anayeamka alfajiri akakoroga ndoo saa nzima, kisha akapita mstari kwa mstari kwa miguu, siku hiyo ameiona mizabibu yake yote. Ameona jani lililokunjamana, ameona tawi linalougua. Wakulima wangapi wa huku nimewabembeleza wapite tu chini ya mikorosho yao mara moja kwa wiki!

Hili la pipa ulikwisha kuliona ukiwa mdogo, ila hukujua unaona nini. Unamkumbuka bibi yako na uraka wake, ile pombe ya mabibo ya mikorosho? Alikuwa anaokota mabibo yaliyoanguka asubuhi ile ile. La jana hakuligusa, hata liwe jekundu na zuri vipi. Alilivunja kila moja kwa vidole na kulinusa kabla ya kukamua. Ile juisi hakuitia hamira wala sukari. Jioni ilikuwa kimya; kukicha, ukitega sikio kwenye mdomo wa chungu, unasikia inachemka polepole, tsi, tsi, tsi, na povu jeupe limepanda mpaka ukingoni. Siku ya pili inakuwa kali, na baada ya hapo inaanza kuelekea siki. Bibi hakuwa na salfa ya kuzuia uharibifu, kwa hiyo kinga yake yote ilikuwa tunda zima, chombo safi na haraka. Hao mabwana wa Loire hawana siri nyingine. Nenda ukaangalie meza wanayochagulia zabibu, mipira ya maji, sakafu chini ya mapipa. Penye harufu ya siki sakafuni, usitarajie maajabu kwenye glasi.

Sasa salfa, maana najua hapo ndipo mtakapobishana garini. Ziko mbili. Ya shambani ni ile unayoijua wewe, unga wa njano uliokuwa unakuwasha macho tukipulizia alfajiri kabla upepo haujaamka. Ubwiriunga wa mikorosho, ule ugonjwa wa ukungu unaopaka maua unga mweupe, una ndugu yake kwenye mizabibu; huyo alionekana Uingereza mwaka 1845, akavuka kwenda Ufaransa, na wakaanza kumtibu kwa salfa miaka ya 1850. Kilimo hai kinairuhusu, na bayodinamiki vilevile. Kwa hiyo ukiona majanini unga wa njano usishtuke ukadhani umemfumania mtu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, uliochanganywa na chokaa, wanaoupulizia dhidi ya ukungu wa aina nyingine, kwa sababu shaba yake haiondoki udongoni. Ulaya wamewawekea kikomo: kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Muulize mwenyeji wako alitumia kilo ngapi mwaka jana. Mkulima anayejali anaijua hiyo namba kichwani.

Salfa ya pili ni inayotiwa kwenye mvinyo wenyewe usiharibike. Mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida unaruhusiwa mpaka miligramu 150 kwa lita, wa kilimo hai 100. Ufaransa tangu 2020 kuna alama ya mvinyo wa asili, na hapo kikomo ni 30, zabibu ziwe zimechumwa kwa mkono na ziwe za kilimo hai chenye cheti.

Ila swali ambalo ningeliuliza mimi ni hili: "Mwaka gani ulipata hasara, na ulifanya nini?" Nakwambia kwa nini. Ulikuwa darasa la tatu. Mnunuzi mmoja alikuja hapa akaahidi bei nzuri kwa korosho zisizopuliziwa kitu kabisa. Nami, bibi shamba, niliyewafundisha wengine wasiruke mzunguko wa kwanza wa salfa, nikaacha kupulizia kwangu. Agosti maua yalipakwa unga mweupe, yakawa ya kahawia, yakakauka juu ya mti kama majani ya chai. Mwaka wa nyuma tulivuna magunia 11. Mwaka ule mawili na debe moja. Mnunuzi hakuonekana tena. Ada yako ilitoka kwenye mbuzi wa baba yako. Tangu siku ile, mtu akiniambia "sitii kitu", nataka kusikia ilimgharimu nini. Mwenye shamba kweli atakutajia mwaka, atakuonyesha na mstari. Mwuza maneno atakuonyesha chupa.

Mtafika Juni, wakati mzuri, maana mizabibu huwa kwenye maua na ukungu ndipo unapoitafuta. Omba ruhusa uchimbe kidogo chini ya mzabibu kwa kijiko. Udongo ukimeguka kama mkate na nyungunyungu wakawemo, na nyasi katikati ya mistari zina maua ya aina nyingi, umepata jibu kabla hujaonja. Palipo pagumu kama barabara na peupe, pembe hata mia hazitasaidia.

Kwenye kuonja, usikimbilie kusifu; unajua mgema akisifiwa. Mvinyo kutokuwa mwangavu si kosa. Lakini kuna ladha inayokuja baada ya kumeza, kama umelamba kibanda cha panya. Hiyo ni kasoro, hata wakikuambia ndiyo asili yenyewe. Bibi yako angeumwaga nyuma ya nyumba.

Huku tunafyeka chini ya mikorosho. Mti ule wa karibu na choo umejaa maji moto mwaka huu, wale sisimizi wekundu wa mitini, na hao siwaunguzi moto wala siwanyunyizii, kwa sababu mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, hapo hakai. Salfa tumeshachukua mifuko.

Ukirudi nipigie, nina hamu ya kujua huyo mwenye pembe anakoroga kwa mkono au kwa mashine. Na unipigie picha ya ule udongo, karibu kabisa, mkono wako ukiwemo.

Mama yako