Daktari aliyesoma barua ya wazazi

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni daktari gani wa zamani tungependa watoto wetu wamjue. Mimi namtaja Lawson Wilkins wa Baltimore, Marekani. Alizaliwa 1894, akatibu watoto mjini humo kwa miaka mingi, na mwaka 1935 akaanzisha kliniki ya homoni za watoto katika hospitali ya Johns Hopkins.

Ninayemfikiria zaidi, hata hivyo, ni mtoto aliyemponyoka. Mvulana wa miaka mitatu na nusu, mwili wake ukibalehe mapema mno, alilazwa wodini. Nyumbani alikuwa akila chumvi kwa kiganja. Hospitalini akapewa chakula cha kawaida, na baada ya siku chache akafariki. Tezi zake za juu ya figo zilikuwa mbovu, mwili haukuweza kushika chumvi. Uroho ule ndio uliokuwa ukimweka hai. Mwaka 1940 Wilkins na mwenzake Curt Richter walichapisha kisa hicho pamoja na barua ya wazazi walioyaona yote hayo jikoni kwao. Kwangu mimi, ukubwa wake uko hapo.

Mwaka 1950 Wilkins alionyesha kuwa dawa iitwayo kotisoni hutibu ugonjwa wa kuzaliwa nao wa tezi hizo. Tezi ikishindwa kutengeneza kotisoli, homoni muhimu ya mwili, ya kutosha, ubongo huzidi kuisukuma, nayo humwaga homoni za kiume kupita kiasi. Dawa hutuliza msukumo huo. Frederic Bartter na wenzake wa Boston walifikia jambo hilohilo wakati uleule.

Binti yangu ana ugonjwa huo. Tulipokuwa tumetoka tu kujifungua hapa Kisumu, wiki ya pili, alianza kutapika na kukonda, nikaambiwa ni tumbo. Aliyemwokoa ni daktari aliyesomea homoni za watoto Nairobi, ambako mafunzo hayo kwa madaktari wa Afrika yalianza 2008. Alinisikiliza hadi nikamaliza, ndipo akaagiza damu: sodiamu chini, potasiamu juu, dalili kwamba mwili wake haukuwa ukishika chumvi.

Leo nakata kidonge cha haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, kwa wembe juu ya sahani, nasaga kipande kwa kijiko, nakoroga na maji. Akipata homa, naongeza dozi mara tatu kama nilivyoelekezwa. Akitapika, ni sindano, kisha mbio hospitalini.

Ombi langu kwa kliniki zetu, Kondele hadi Ahero: kichanga wa wiki mbili anayetapika na kukonda apimwe chumvi za damu kabla mama hajarudishwa nyumbani na pakiti za ORS.