Kibaraza cha Bibi Fundi: "Mama, na mimi niandike kwenye daftari"

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga fremu Mbagala, Dar es Salaam, na nina vijana wawili wanaonisaidia. Wateja ninao, namshukuru Mungu. Shida yangu ni kwamba sina tena saa ya kupumzika. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa tatu usiku, kisha kazi nyingine naibeba nyumbani na kushona hadi saa saba, saa nane. Hata nikikaa kula simu inaita: huyu katuma picha ya mshono, yule anauliza gauni lake limefikia wapi. Hivi sasa nina magauni 24 ya sare ya harusi, yote ya tarehe 14, na nguo nyingine 30 za watu mbalimbali.

Wiki iliyopita binti yangu wa miaka sita aliokota kipande cha kitenge chini ya meza, akapanga foleni nyuma ya wateja. Zamu yake ilipofika akasema, "Mama, na mimi niandike kwenye daftari." Wateja wakacheka. Mimi usiku nililia. Nikipunguza kazi, kodi ya fremu na ada vitatoka wapi? Nikiendelea hivi, mtoto namkosa huku tunalala nyumba moja. Nifanyeje?

Fundi, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili ilibidi nivue miwani nifute macho. Nimeshona Ngamiani, Tanga, miaka 31. Mwanangu wa kwanza ni mtu mzima sasa, na aliwahi kuniambia kwamba akinikumbuka enzi za utoto wake anaiona shingo yangu kwa nyuma, nimeinamia cherehani. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anasimulia tu. Ndiyo maana swali lako sitalijibu juujuu.

Nianze na hizo saa za usiku, maana wewe unaamini ndizo zinazokulipia kodi. Mwaka 2006, ule wa mgao mkubwa wa umeme, mota ya cherehani yangu ilikuwa inalala saa nyingi mchana, nami nikawa nakaa barazani na wanangu kwa kukosa la kufanya. Nilidhani nitafilisika. Mwisho wa mwezi nikahesabu nguo nilizotoa, nikaona hazikupungua kama nilivyoogopa. Nikashangaa. Umeme uliporudi vizuri nikachukua daftari jipya, na kwa wiki mbili nikaandika kila nilichofumua pamoja na saa niliyokishona. Mkono wa kushoto umekaa tundu la kulia, zipu imepinda, kola imegeuka ndani nje, bitana fupi kuliko gauni. Karibu yote niliyafanya baada ya saa nne usiku. Nilikuwa nashona usiku, nafumua asubuhi, na katikati hapo silali. Kuna kitambaa cheusi cha mama mmoja nilikikata vibaya saa saba usiku, nikamlipa kitambaa na ushonaji juu. Fedha ya usiku ule wote ilirudi kwake.

Fanya kama nilivyofanya, wiki mbili tu. Usiniamini mimi, liamini daftari lako.

Sasa njoo kwenye kiini. Mapumziko yako, mwanangu, huyapotezi usiku ule unaposhona. Unayapoteza mchana, mteja akiwa amesimama mbele yako, futi kamba ikiwa shingoni, naye akauliza, "Nije lini?" Hapo ndipo sisi mafundi tunapojimaliza. Tunaona haya kusema wiki tatu, tunaogopa atakwenda kwa jirani, tunasema "njoo Ijumaa" bila kuhesabu.

Tuhesabu basi. Mimi gauni la kitenge lenye bitana na zipu, tangu kukata hadi kupiga pasi, lilinichukua saa tatu na nusu nikiwa sijachoka. Tuseme wewe unatoa mawili kwa siku ya saa tisa, na vijana wako kwa pamoja wanatoa mawili, maana bado wanajifunza. Manne kwa siku, kwa siku sita, ni 24. Mkononi una 54. Hiyo ni zaidi ya wiki mbili za kazi hata kama hakuna atakayeugua na umeme hautakatika. Kwa hiyo namba yako ni 24 kwa wiki. Iandike kwa chaki ukutani, nyuma ya meza ya kukatia, mahali unapoiona ukiwa umeshika kalamu. Wiki ikijaa, oda ya 25 inakwenda wiki inayofuata. Mwenye haraka ya kweli umtengee nafasi mbili tatu kila wiki, naye alipe zaidi na kianzio akitoe palepale. Wapo watakaokwenda kwa jirani, sikufichi. Ila mteja akija siku uliyosema akaikuta nguo imepigwa pasi inaning'inia, huyo atarudi na dada zake.

Nasi wa pwani tunajua majira yetu. Mwishoni mwa Shaabani, watu wanapovunja jungu, yaani kula na kusherehekea kabla ya mfungo, harusi hupangwa kwa haraka kabla ya Ramadhani. Kisha zinakuja nguo za Idi, Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi zinarudi, na Desemba ni Krismasi na sare za shule za Januari. Miezi hiyo haitushtukizi, basi tarehe za kupokea kazi zifungwe mapema, si kupokea hadi usiku wa mwandamo.

Nina jambo moja hukuniuliza. Hao vijana wawili nao wanafungua saa moja na kufunga saa tatu usiku? Hizo ni saa 14. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku za kazi zisizidi 6. Saa za ziada ni kwa makubaliano, na zina malipo yake. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate angalau saa nzima ya kupumzika, na kila wiki awe na saa 24 zake mwenyewe. Wewe huna bosi wa kukuhesabia, lakini wao bosi wao ni wewe. Nao wana mama zao nyumbani. Ukiwapangia saa zao vizuri, utaona na zako zimepangika, kwa kuwa fremu itafungwa mapema kwa wote.

Simu: mwambie kila mteja kwamba picha za mishono unazijibu asubuhi, saa mbili hadi saa tatu. Ukifika nyumbani iweke kabatini, sauti imezimwa. Si juu ya meza ikiwa imefunikwa, maana jicho litaifuata, na watoto wanajua mama akiwa yupo na akiwa hayupo hata kama magoti yao yamegusana na yake.

Kuhusu binti. Wapo watakaokushauri umtengee muda kwenye daftari kama mteja. Mimi nakataa. Walioandikwa kwenye daftari lako ndio wanaosubiri. Yeye mpe saa isiyoandikwa, ile ya baina ya magharibi na isha, kila siku. Hakuna haja ya kumpeleka popote. Msuke nywele, au menyeni viazi pamoja, akuhadithie nani kampokonya penseli. Siku za mwanzo mikono itakuwasha ukidhani kuna kazi umeisahau. Itatulia.

Haya, ya tarehe 14. Sare hizo ulizikubali, zimalize, ila leo hii mpigie mwenye harusi umwambie utazitoa kwa mafungu mawili. Wale 30 wapigie mmoja mmoja, wape tarehe mpya inayolingana na namba ya ukutani. Atakayekasirika na kitambaa chake hujakikata, mrudishie pamoja na kianzio chake, na umwombe radhi.

Na kile kipande cha kitenge, kama hujakitupa, kitoe Jumapili hii. Mwulize binti anataka mshono gani. Mpime kwa futi kamba, mabega, kifua, urefu, kama unavyowapima wengine, kisha ukishone kwa mkono naye amekaa pembeni yako ameshika chaki. Usimwambie aje lini.